Picha Yenye Viatu

Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa ya nyumba za Kasongo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, na mvua nyembamba ilikuwa inanyesha bila kelele, mvua ya namna ambayo huioni mpaka shati limelowa. Naanza na tarehe kwa sababu Mama Dieudonnée, mwalimu wetu wa shule ya jioni, anasema mtu anayetaka kueleza jambo la kweli aanze na siku yake.

Mimi ni Lwamba, seremala, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili. Natengeneza milango, vitanda na majeneza, pamoja na misalaba inayokwenda na majeneza. Kwa miaka ishirini niliandika majina ya marehemu kwenye misalaba bila kujua kusoma. Familia iliniletea jina kwenye karatasi, nami nilichora kila herufi kama mtu anavyochora mbuzi. Kisha siku moja mjane alikuja akilia, akaniambia kwamba nimemzika mume wake kwa jina la duka la sabuni. Karatasi ilikuwa na maandishi pande mbili, nami nilichora upande usio wake. Jioni ileile nilikwenda parokiani nikajiandikisha shule ya watu wazima.

Asubuhi hiyo ya Novemba nilikwenda sokoni kununua kamera, kwa ajili ya dada yangu Régina.

Régina alikuwa mgonjwa wa figo. Miguu yake ilivimba, ikapungua, ikavimba tena. Mtoto wake wa pekee, Chimène, ameolewa Kabambare, mbali nasi, na wiki iliyotangulia alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa. Mama hakuweza kupanda pikipiki kwenda kwa mtoto, na mtoto hakuweza kupanda pikipiki kuja kwa mama. Simu zetu zote tatu zilikuwa za kusemea tu. Nilimwomba Mungu anionyeshe njia, na nilipotoka kanisani nikawaza: sura zinaweza kusafiri mahali ambapo miili haiwezi. Nitazibeba mimi.

Ramazani, muuzaji, ni mtu wa Uvira aliyekuja kwetu Maniema kuchimba dhahabu, akachoka na mashimo, sasa anauza redio na simu zilizotumika. Alikuwa ameketi chini ya turubai lake, miguu juu ya kreti.

"Muzee Lwamba! Unataka kununua, ao unakimbia mvua? Mvua hii inaniletea watazamaji wengi."

"Nataka aparei ya foto."

Alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, kioo chake kipana kama mdomo wa kikombe. Nyingine ilikuwa ndogo, ya rangi ya bati, na usoni imeandikwa 16, namba ambayo sikuuliza maana yake.

"Hii kubwa iko ya mafundi," alisema. "Inaona mpaka mawazo yako."

"Inakula nini?"

"Iko na betri yake. Lakini chaja ilibaki Uvira."

"Basi itaona mawazo yangu siku moja tu."

Alicheka, akanisukumia ile ndogo. Hiyo ilitumia betri mbili za tochi, zile zinazopatikana hata kwenye kibanda cha kijiji. Niliichunguza jinsi ninavyochunguza mbao. Nilifungua mlango wa betri nikatafuta kutu. Nikainua kioo kwenye mwanga nikatafuta mikwaruzo. Nilipiga picha ya mkono wa Ramazani, nikatazama kama kidole cha pembeni kimenyooka kama cha katikati. Vyote vilikuwa vizuri. Nilijiona mtu mwenye akili.

Jambo moja lilinihuzunisha. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na namba inayohesabu picha zilizobaki kwenye kadi, nayo ilikuwa arobaini na moja.

"Arobaini na moja tu?" nilisema. "Ukoo wangu ni mkubwa kuliko hapo."

"Haiko shida." Ramazani alibonyeza vifungo, ikatokea orodha ya maneno ya Kifaransa, akashuka nayo hadi chini. Namba ikaruka, ikawa elfu mbili na mia kadhaa. Nilishangaa kama mtu aliyeona mikate ikiongezeka.

"Acha hapohapo," nilimwambia. "Usiiguse tena."

Neno hilo nililisema mimi, si Ramazani. Ningeweza kusoma mstari ule kama ningetulia, maana nilikuwa na mwaka mzima wa shule. Lakini nilikuwa natazama namba.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda kwa Régina. Alikuwa amevaa kitenge cha manjano na kilemba chake. Kando ya kiti kulikuwa na viatu vyeusi vya kisigino kifupi, alivyonunua kwa ajili ya harusi ya Chimène. Miguu haikuingia. Alijipaka sabuni kwenye visigino, akashika bega langu, akasukuma, akauma mdomo, mpaka ikaingia. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Régina, vivue. Nitapiga mpaka magotini."

"Wee! Unikate miguu? Foto ya mutu bila miguu iko ya kadi ya kura. Rudi nyuma, yaya," aliniambia, maana mimi ndiye kaka yake mkubwa.

Kwetu picha ya heshima ni ya mtu mzima, kutoka kilemba hadi viatu, amesimama wima mbele ya nyumba yake, bila kucheka. Nilirudi nyuma. "Viatu vinaonekana?" Nikarudi tena. "Na paa?" Nilirudi mpaka kisigino changu kikagusa ua wa jirani. Nilikuwa mbali hatua kumi na nne. Nikabonyeza mara moja. Alipoiona kwenye kioo kidogo cha kamera aliitikia kwa kichwa taratibu.

"Huyu ndiye mimi," alisema. Kisha akakaa chini, nami nikamvua viatu. Vilikuwa vimemchora mistari myekundu ambayo haikuondoka siku nzima.

Alhamisi nilipanda pikipiki kwenda Kabambare, kamera nimeifunga kwenye mfuko wa plastiki, mfuko nimeufunga kifuani. Barabara ilikuwa tope la kufika magotini, na mara nyingi dereva aliniambia nishuke nisukume. Tulilala njiani. Ijumaa alasiri nilifika kwa Chimène. Mume wake alikuwa machimboni. Chimène alikuwa peke yake na mtoto, anatembea ameinama kwa sababu ya kidonda.

Nilipompa kamera, aliisogeza karibu na macho, akapiga kelele. "Mujomba! Mama amevaa viatu vya harusi yangu!" Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akaisogeza karibu zaidi. "Lakini uso wake ni mudogo kama mbegu ya haragi. Nataka foto kubwa. Nitaitundika hapa juu ya kitanda, mutoto amujue bibi yake."

Kesho yake tulikwenda dukani kwa Clovis, kijana mwenye sola mbili juu ya bati na mashine ya kutoa picha. Aliingiza kadi kwenye kompyuta yake, akaivuta sura ya Régina. Ikawa kubwa, na jinsi ilivyokua ndivyo ilivyopotea. Macho yakawa vipande vinne vya kahawia. Mdomo ukawa tofali. Chimène alisogea mbele, akarudi nyuma, kama mtu anayetafuta mahali pa kusimama ili amwone mama yake, na mahali hapo hapakuwepo.

"Vuta tena kidogo," nilisema.

"Muzee, foto iko kama unga," Clovis alisema kwa upole. "Wewe umeleta kikombe kimoja, sasa unataka nipike bukari, ugali wa watu ishirini. Uliiweka kwa kipimo cha chini kabisa. Na ulisimama mbali."

Alichukua kamera, akafungua ile orodha. Mstari wa kwanza ulikuwa unataja ukubwa wa picha. Niliusoma mwenyewe, taratibu, kwa kidole. Ulikuwa pale tangu siku ya kwanza. Clovis aliurudisha kwenye kipimo cha juu, na namba ya picha zilizobaki ikaanguka, ikawa arobaini. Alinifundisha mengine pia: nisogee karibu, nisivute sura kwa kifungo, mwanga utoke pembeni, viwiko nivibane kwenye mbavu, nishike pumzi.

Chimène hakunilaumu. Alisema tu, "Basi rudi, mujomba. Niletee uso wake. Viatu ninavijua."

Nilimpiga picha yeye na mtoto kwa kipimo kikubwa, karibu, mlangoni, nikaondoka Jumapili baada ya misa ya kwanza. Mvua ilikuwa imechukua magogo ya daraja, tukangoja siku nzima wanaume wayarudishe. Nilisali njia yote. Nilimwambia Mungu: mpe siku, mpe siku tu, nimejifunza sasa.

Nilifika Kasongo Jumatano. Régina alikuwa hai, lakini ugonjwa ulikuwa umepanda. Uso wake ulikuwa umejaa, mashavu yameng'aa, na macho yamebaki mistari miwili. Shangazi yetu Séraphine, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikuwa anamwosha mikono.

Nilimwonyesha Régina mjukuu wake. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akakibusu kioo, akakifuta kwa kitenge, akakibusu tena. Kisha nikasema, "Chimène anataka uso wako. Ile ya kwanza niliipiga vibaya. Safari hii nimejua."

"Hapana, yaya."

"Moja tu."

"Uso huu si wangu. Ugonjwa umenivalisha. Mutoto amujue bibi yake hivi?"

"Chimène anataka macho yako."

"Macho gani? Wewe unayaona?" Alijaribu kucheka. "Foto yangu ni ile ya viatu. Niliisimamia kwa maumivu, unajua. Uniahidi, yaya. Usinipige hivi."

"Nimesikia," nilisema.

Kila mtu wa kwetu anajua kwamba "nimesikia" si ahadi. Ni mlango uliorudishwa bila kufungwa. Régina aliujua pia, lakini hakuwa na nguvu za kunifuata.

Siku ile na siku iliyofuata nilisali rozari. Jibu, kwamba nisimpige, nililipata kabla ya fumbo la pili, na ndiyo sababu niliendelea hadi la tano, kisha nikaanza upya, nikitafuta jibu lingine. Nilijiambia kwamba Chimène ana haki. Nilijiambia kwamba wafu hawana aibu. Nilijiambia kwamba Mungu hakunileta salama kwenye tope lile lote bila sababu. Maneno hayo yote nilimwekea Mungu mdomoni, na hakuna hata moja alilolisema.

Ijumaa, tarehe mosi Desemba, mvua ilikatika saa sita mchana. Shangazi Séraphine alikwenda kisimani. Régina alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na jua likaingia kwenye dirisha likamlalia upande mmoja wa uso. Mwanga ulikuwa unatoka pembeni. Nilisogea karibu, nikabana viwiko, nikashika pumzi. Nikabonyeza.

Kamera ililia, mlio mdogo kama wa kifaranga. Kidole cha Régina kilitikisika juu ya shuka. Sijui kama alisikia. Hilo ndilo ninalomuuliza Mungu mpaka leo, na hanijibu.

Nilitazama kioo. Kila unywele wa nyusi ulionekana. Kovu dogo la utotoni, alipoanguka na mtungi, lilionekana. Sijawahi kupiga picha safi kama ile. Nilitoka nje nikaketi nyuma ya nyumba.

Alifariki Jumapili alfajiri. Jumatatu tulimzika, kwa maana joto halingoji wasafiri. Jeneza nilitengeneza mwenyewe. Karatasi ya jina lake niliisoma pande zote mbili kabla ya kushika brashi.

Chimène alifika Ijumaa jioni, juu ya pikipiki, mtoto mgongoni, kidonda kimefunguka tena. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akalala juu ya udongo, na wanawake wakamwacha. Jumamosi asubuhi tuliketi kumaliza matanga.

Katika ukoo wetu kuna desturi. Kabla mikeka haijakunjwa, kila aliye na neno na marehemu hulisema mbele ya watu. Mikeka ikishakunjwa, neno ambalo hukulisema linabaki nawe, utalibeba mpaka siku yako. Mmoja alisema aliazima jembe kwa Régina na hakulirudisha. Mwingine alisema walikosana kwa ajili ya kuku. Shangazi Séraphine alikuwa anasikiliza, ameweka mikono juu ya magoti, akisema kila mara, "Limepokelewa."

Kisha Chimène alinitazama. "Mujomba, neno langu ni kwako. Mama alikuwa hai uliporudi. Uso wake uko wapi?"

Ningeweza kusema alikataa. Ingekuwa kweli, na kila mtu angenihurumia. Nilisimama. Nikatoa kamera mfukoni.

"Uko humu," nilisema. "Lakini niliuiba."

Nikaeleza yote: ombi lake, jibu langu, dirisha, kisima, mlio.

"Rudia," Shangazi Séraphine alisema. "Alikuambia nini?"

"Usinipige hivi."

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Nimesikia."

"Nimesikia!" Shangazi aliangalia watu kulia na kushoto. "Mwizi wa kuku naye, ukimukataza, anasema nimesikia. Mutu anasoma jioni, anaongoza rozari, na anamulinda dada yake kwa jicho moja, kama paka anavyolinda nyama!"

Mtu mmoja alicheka, akajikohoza. Chimène hakucheka. Alinyoosha mkono, nikampa kamera. Kioo kilikuwa cheusi bado.

"Anaonekana vizuri?" aliuliza.

"Vizuri sana."

"Na kovu?"

"Na kovu."

Alikiweka kidole juu ya kifungo cha kuwasha. Kikakaa pale. Mtoto alianza kulia, yeye akamtikisa bila kumtazama, kidole hakijatoka. Nilitamani abonyeze. Nakiri hilo pia mbele ya Mungu: nilitamani aione, ili tuwe wezi wawili. Alikigeuza kioo, akakilaza kifuani kwake.

"Nilipokuwa msichana," alisema, "nikilala vibaya, mama alikuwa ananifunika. Hakuita watu waje kuniona. Ananifunika, anatoka." Akanirudishia kamera. "Futa."

"Chimène, haiko nyingine. Haitakuwepo nyingine."

"Najua, mujomba. Mimi ndiye ninayejua. Futa."

Niliiwasha nikiwa nimeigeuzia kifua changu, nikatafuta kifungo. Mashine iliniuliza kama nina hakika. Niliyasoma maneno yote mpaka mwisho, kwa maana sasa najua kusoma. Nikakubali. Régina aliondoka mara ya pili, na safari hii kwa kidole changu.

Mahali pake ilitokea picha ya Chimène na mtoto. Chimène alichukua kamera, akabonyeza kurudi nyuma mara moja, na pale alikuwepo mama yake, mbali, wima, kitenge cha manjano, paa juu, viatu chini. Uso kama mbegu ya haragi. Aliitazama muda mrefu.

"Viatu vilimuumiza?" aliniuliza.

"Sana."

Aliitikia kwa kichwa. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba. Wanawake wawili walishika pembe za mkeka wa kwanza, na Shangazi Séraphine akawazuia kwa mkono.

"Bado. Lwamba hajamaliza. Yeye alisema amesikia, sasa na sisi tusikie. Sema, na usiseme kwa mulango wa nyuma."

Nilivua kofia. Watu walikuwa wamesimama mpaka kwenye ua, mahali palepale kisigino changu kilipogusa siku ile. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Nilisema kwa sauti, ili wa mwisho asikie:

"Mimi Lwamba, mbele ya Mungu, mbele ya Shangazi, mbele ya Chimène na mutoto wake, naahidi: sitainua tena aparei hii kwa mutu aliyekataa, wala kwa mutu aliyelala, wala kwa mugonjwa asiyeweza kunijibu. Na wewe Régina, ulichoniomba Jumatano nikakujibu kwa hila, leo nakujibu. Foto yako ni ile ya viatu. Nakuahidi, dada yangu. Wote hawa wamenisikia."